Umusambi Si Kuku: Chakula Kimfaacho Ndege Mwenye Taji

Kwa miaka mingi halikuwa jambo la ajabu kwa mgeni aliyeingia katika ua wa nyumba au wa hoteli mjini Kigali kumkuta ndege mrefu, wa kimo kipatacho mita moja, mwenye taji la manyoya ya rangi ya dhahabu, akitembea taratibu majanini. Huyo ni korongo mwenye taji, ambaye Wanyarwanda humwita umusambi. Alipendwa kwa uzuri wake, na pia kwa kuwa tangu kale amehesabiwa kuwa ishara ya utajiri na maisha marefu. Hata hivyo, mapenzi hayo hayakumletea siha. Wengi wa ndege waliofugwa majumbani walidhoofika, na sababu moja kubwa ilikuwa chakula.

Yafaa jambo hili lielezwe kwa kirefu, kwa maana aliyemlisha umusambi vibaya mara nyingi hakuwa mkatili. Alikuwa mtu mwema aliyedhani kwamba ndege aliyeshiba ni ndege mwenye afya. Askari anajua vyema kwamba kujaza tumbo ni jambo moja na kupata nguvu za kufanya kazi ni jambo jingine. Kwa mnyama pia ni hivyo.

Alapo umusambi akiwa huru

Umusambi huishi katika vinamasi na katika nyika zilizo karibu navyo. Nchini Rwanda makao yake makubwa ni kinamasi cha Rugezi upande wa kaskazini, vinamasi vya Akanyaru upande wa kusini, na eneo la Akagera upande wa mashariki. Huko hula vitu vingi: mbegu za nyasi, machipukizi, nafaka zilizoanguka shambani, panzi, nyungunyungu, konokono, vyura na hata mijusi midogo. Anapotembea hupiga ardhi kwa miguu ili wadudu waliojificha warukeruke, kisha huwadonoa. Hivyo kila mlo wake ni kazi, na kazi hiyo huimarisha miguu na mapafu yake.

Kila kitu katika mlo huo kina faida yake. Mbegu humpa nguvu za mwili. Wadudu na vyura humpa protini, ambayo hujenga misuli na manyoya. Konokono na mifupa midogo humpa kalsiamu, yaani madini yanayoimarisha mifupa na maganda ya mayai. Majani mabichi humpa vitamini A, inayolinda macho na njia ya pumzi. Aidha, mwanga wa jua huuwezesha mwili wake kutengeneza vitamini D, ambayo pasipo hiyo kalsiamu iliyoliwa haiwezi kutumika ipasavyo.

Hasara ya makombo

Sasa na tulinganishe mlo huo na ule wa uani. Mara nyingi ndege wa kufugwa hupewa mabaki ya jikoni: ugali, wali, viazi, ndizi na vipande vya mkate. Vyakula hivi humfaa binadamu anayekula pia maharage, mboga na samaki. Kwa umusambi, vikiwa ndivyo chakula chake cha kila siku, ni wanga mtupu. Humnenepesha au humshibisha pasipo kumjenga. Manyoya huota yakiwa hafifu, na mifupa hupungukiwa na madini.

Zaidi ya hayo, makombo huwa na chumvi nyingi, na chumvi hudhuru figo za ndege. Maharage mabichi yana sumu. Mahindi yaliyoota ukungu ni hatari maradufu, kwa maana ukungu huzalisha sumu inayoharibu ini, na vumbi lake likiingia katika pumzi huweza kuleta ugonjwa wa mapafu ambao ni mgumu kutibika kwa ndege.

Kifaranga huumia zaidi. Umusambi hukua upesi sana, na miguu yake mirefu hulazimika kubeba mwili unaoongezeka uzito kila siku. Akikosa kalsiamu na jua, mifupa hulegea na kupinda. Lakini hata akilishwa kupita kiasi chakula chenye protini nyingi huku amefungiwa mahali finyu asitembee, miguu huweza kupotoka pia. Huko kinamasini humfuata mama na baba yake mchana kutwa, na mwendo huo ni sehemu ya malezi yake kama kilivyo chakula.

Je, dawa za dukani hazitoshi?

Wako watakaouliza kama haiwezekani kununua vitamini na madini katika duka la dawa za mifugo na kuvichanganya na chakula. Jibu ni kwamba virutubisho vya nyongeza vina kazi yake, ila huhitaji kipimo na mtu anayejua. Vitamini D ikizidi mwilini, kalsiamu hujikusanya katika figo na katika mishipa ya damu, na ndege hufa kwa kitu alichopewa kama tiba. Kadhalika, chakula cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu nyingi kwa sababu kuku huyo hutaga karibu kila siku. Umusambi hutaga mayai mawili hadi manne tu kwa msimu, na akiwa kifungoni ni nadra kutaga. Kumlisha chakula hicho mfululizo ni kuzitwika figo zake mzigo usio wake. Umusambi si kuku.

Tena hakuna kopo la unga wa vitamini linaloweza kumrudishia ndege mwenzi wake, mti wa kulala, wala mbawa za kuruka. Watu wengi waliomfuga walimkata manyoya ya mbawa asitoroke. Manyoya yaliyokatwa huota tena wakati wa kubadilika, iwapo ndege anakula protini ya kutosha. Bali bawa lililovunjwa au kukatwa kwenye kiungo halirudi kamwe.

Kutoka uani hadi Akagera

Madhara hayakuishia katika ua. Ndege wengi walichukuliwa kinamasini wakiwa vifaranga, na kila kifaranga aliyeuzwa mjini alikuwa pengo katika kundi lake. Pamoja na kuharibiwa kwa vinamasi, biashara hiyo ilipunguza sana idadi ya ndege hao. Mwaka 2012 aina hii iliingizwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka.

Mnamo mwaka 2014 Dakta Olivier Nsengimana, daktari wa wanyama Mnyarwanda aliyekuwa akiwatibu sokwe wa milimani, alianzisha juhudi za kuwaondoa ndege hawa majumbani. Wenye ndege hawakuanza kwa kutishwa, bali waliombwa wawaandikishe na kuwatoa kwa hiari. Ndege zaidi ya 200 waliandikishwa. Baadaye kazi hiyo iliendelezwa na shirika aliloliunda, linalojulikana kwa herufi RWCA, likishirikiana na vyombo vya Serikali.

Ndege waliotolewa walipimwa magonjwa kwanza, kisha wale walioweza kupona wakapelekwa katika Hifadhi ya Taifa ya Akagera. Huko walikaa mahali maalumu wakipata chakula kinachofaa, manyoya yakaota, wakajifunza upya kutafuta riziki na kuruka. Zaidi ya 150 wamerudishwa katika maisha ya uhuru. Wale wenye mbawa zilizoharibika wasioweza kuruka tena walipewa makao katika Umusambi Village, kinamasi kilichotengenezwa upya pembeni mwa jiji la Kigali, ambako familia huweza kwenda kuwatazama.

Matunda yameonekana. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata ndege 487 katika nchi nzima. Ile ya mwaka 2021 ilipata 881.

Wajibu wa kila nyumba

Sheria ya Rwanda inamlinda umusambi. Kwa hiyo asinunuliwe, hata kwa nia ya kumwokoa, kwani fedha anayopewa muuzaji humtuma kinamasini kutafuta mwingine. Atakayemwona akiuzwa au akifugwa na awaarifu polisi, viongozi wa mtaa au shirika la RWCA. Akiokotwa ndege aliyejeruhiwa, awekwe mahali patulivu penye kivuli, mbali na mbwa na watoto, apewe maji safi na nafaka kavu isiyo na ukungu, huku wataalamu wakisubiriwa. Asipewe mkate, chumvi wala dawa za binadamu.

Familia itakayo ndege uani na ifuge kuku, kiumbe aliyezoea kuishi na watu tangu zamani. Kuku wa mayai apewe chakula chake kamili, majani mabichi, dagaa waliosagwa wasio na chumvi, pamoja na maganda ya mayai yaliyokaushwa motoni na kupondwa, yawekwe katika chombo chake pekee ili ale kadiri ya haja. Atembee juani kila siku. Malipo yake yatakuwa yai lenye ganda gumu mezani kwa watoto.

Wahenga walisema: Ukipenda boga, penda na ua lake. Ampendaye umusambi hana budi kukipenda na kinamasi, kwa sababu humo ndimo lilimo ghala la chakula chake.