Kazi ya Duka si Kazi ya Kukaa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Watu wengi wamwonapo mwenye duka ameketi nyuma ya meza yake, na rafu zimejaa sabuni, chumvi na viberiti, hudhani kuwa mtu huyo hana kazi ila kupokea fedha. Hata hapa shuleni nimewasikia wenzangu wakisema kuwa wakishindwa mtihani si neno, kwani watafungua duka. Wasemao hivyo hawalijui duka. Mama yangu ana duka dogo huko Morogoro, nami kila likizo humsaidia kuuza. Kwa hiyo nataka kueleza kwa ufupi jinsi biashara hiyo iendavyo, namna mnunuzi apaswavyo kutendewa, na mambo yanayoyaangusha maduka madogo.

Kwanza yafaa tujue faida hutoka wapi. Tutwae mfano wa sukari, maana hakuna duka lisilouza sukari. Hesabu zifuatazo ni za mfano tu, kwa kuwa bei hubadilika mara kwa mara. Tuseme mwenye duka amenunua mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 130,000, akalipa shilingi 2,000 za kuufikisha dukani. Gharama yake yote ni shilingi 132,000, yaani shilingi 2,640 kwa kila kilo. Akiiuza kilo kwa shilingi 2,800, atapata shilingi 140,000, na faida ni shilingi 8,000. Kwa kila kilo amepata shilingi 160 tu. Katika shilingi hizo 160 hajalipa kodi ya chumba, umeme, leseni wala karatasi za kufungia. Basi mtu akiona mfuko mzima wa sukari asidhani ameona mali nyingi. Ameona shilingi 8,000, nazo hazijapatikana bado.

Wanunuzi wengi wa mitaani hawanunui kilo nzima. Hununua robo, yaani gramu 250, na wengine hununua chini ya hapo. Mfuko mmoja una robo 200, na kila robo huuzwa shilingi 700. Hapa ndipo mizani ionyeshapo nguvu yake. Muuzaji mwenye mkono mzito akizidisha gramu 10 tu kwa kila robo, mfuko wake utatoa robo 192 badala ya 200. Atapata shilingi 134,400, na faida yake itashuka kutoka 8,000 hadi 2,400. Akipunguza gramu 10 kwa kila robo, mfuko utatoa robo 208, na faida itapanda hadi shilingi 13,600. Gramu 10 ni kama vijiko viwili vya chai. Mnunuzi hawezi kuzijua kwa macho, wala mtoto aliyetumwa hawezi kuzijua. Hapo shetani humnong'oneza mwenye duka kila siku.

Kwa sababu hiyo Serikali ina Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ambao huikagua mizani ya wafanyabiashara na kuitia alama ikiwa ni sahihi. Lakini mkaguzi hawezi kusimama dukani kutwa nzima. Mama hupenda kuiweka mizani mahali ambapo mnunuzi aweza kuiona, naye hungoja mpaka itulie kabla ya kuiondoa sukari. Jambo hili huchukua muda, na wakati wa watu wengi wengine hunung'unika. Hata hivyo nimeona kuwa watu wanaonung'unika leo ndio wanaorudi kesho. Kipimo cha haki hakimpunji mnunuzi, wala hakimli mwenye duka mtaji wake.

Pili ni jinsi ya kumpokea mnunuzi. Zamani kidogo jambo hili halikutiliwa maanani sana, na sababu yake ni rahisi kueleweka. Mwaka 1976 maduka mengi ya watu binafsi yalifungwa katika ile iliyoitwa Operesheni Maduka, ili maduka ya ushirika na ya vijiji yachukue nafasi yake. Miaka michache baadaye bidhaa ziliadimika sana. Babu na bibi zetu hueleza jinsi walivyopanga foleni kwa ajili ya sabuni, sukari na khanga. Mtu aliyekuwa na sabuni hakuwa na haja ya kusema "karibu". Kuanzia mwaka 1984 masharti ya biashara yalianza kulegezwa, na bidhaa zikarudi. Leo katika mtaa mmoja mna maduka matano au sita yanayouza vitu vile vile kwa bei ile ile. Basi mnunuzi afuate nini? Hufuata anakoheshimiwa.

Heshima hiyo si maneno matamu tu. Ina kanuni zake, nami nitazitaja nilizoziona zikifaa.

Kanuni ya kwanza ni kufungua kwa wakati. Mtu anayetaka mkate na majani ya chai saa kumi na mbili asubuhi akikuta mlango umefungwa mara mbili, mara ya tatu hapiti tena njia hiyo.

Kanuni ya pili ni kuwahudumia watu kwa zamu. Aliyetangulia apewe kwanza, awe amevaa suti au ameshika jembe. Wanaoonewa zaidi katika jambo hili ni watoto. Mtoto husimama mezani na noti yake mkononi, wakubwa wakija nyuma yake wakapewa, naye akaachwa kwa kuwa hawezi kulalamika. Akirudi nyumbani hugombezwa kwa kuchelewa. Tena wako wauzaji ambao humpa mtoto nyanya zilizolainika, wakijua kuwa hatakataa. Hawakumbuki kuwa mtoto hakuja peke yake. Nyuma yake yuko mama yake, na nyumba nzima. Dukani kwetu mtoto huhesabiwa chenji yake kwa sauti, moja moja, kisha huifunga katika karatasi asije akaipoteza njiani.

Kanuni ya tatu ni kusema kweli juu ya bidhaa. Kitu kilichopita tarehe yake kiondolewe, hata kama hasara yake yauma. Mafuta ya taa yasiwekwe karibu na unga, maana harufu yake hushika, na unga huo hautalika. Mnunuzi akiuliza kama mchele ni mpya na si mpya, aambiwe. Akinunua kwa kudanganywa, atakuwa amenunua mara moja tu.

Kanuni ya nne ni chenji. Hili laonekana dogo, lakini limevunja urafiki wa watu wengi. Muuzaji asiye na sarafu humpa mnunuzi pipi au kiberiti badala ya shilingi 50 au 100 zake. Kumpa mtu pipi asiyoiomba ni kumlazimisha kununua. Mwenye duka hodari huweka kopo la sarafu na kuzitafuta mapema. Mama hubadilishana noti na makondakta wa daladala jioni, wakati wanapokuwa na sarafu tele. Siku hizi wengi hulipa kwa simu, nalo limesaidia, kwani M-Pesa ilianza hapa Tanzania mwaka 2008 na mitandao mingine ikafuata. Lakini simu nayo ina matata yake. Wako watu waonyeshao ujumbe wa uongo kuwa fedha zimetumwa. Muuzaji asitazame simu ya mnunuzi. Aangalie salio lake mwenyewe kwanza, na afanye hivyo kwa upole, maana wanunuzi wengi ni waaminifu.

Sasa nifikie jambo linaloua maduka kuliko yote, nalo ni mkopo. Turudi kwenye sukari yetu. Jirani amekopa kilo 2, akahama mtaa bila kulipa. Mwenye duka amepoteza gharama ya shilingi 5,280. Kwa kuwa kila kilo humpa faida ya shilingi 160, hana budi kuuza kilo 33 ili arudishe kilo 2 zilizopotea. Kilo 33 ni zaidi ya nusu ya mfuko. Siku zote atakazoziuza atakuwa amesimama bure.

Mtu ataniuliza, "Kwa nini basi asikatae kukopesha?" Jambo hili si rahisi kama lisemwavyo. Katika mtaa wetu wako watu wanaopata fedha mwisho wa mwezi, wengine baada ya mavuno, na wengine siku wanapopata kibarua. Mtu akiuguliwa na mtoto, fedha zote zikaenda hospitali, jioni hiyo duka ndilo linaloifanya nyumba ile ile chakula. Mwenye duka akikataa huitwa mchoyo, na tena anaujua ugonjwa wa mtoto yule, kwani ni jirani yake. Akikubali kwa kila mtu, baada ya miezi sita rafu zitakuwa tupu, na mtaa wote utakuwa umekosa duka.

Liko na jambo jingine. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Mdeni aliyeshindwa kulipa huona haya kupita mbele ya duka. Huzunguka njia nyingine, akanunua kwingine kwa fedha taslimu. Kwa hiyo mwenye duka amepoteza fedha, na mteja, na pengine jirani. Nimemwona mama akihuzunika zaidi kwa lile la tatu kuliko la kwanza.

Njia anayoifuata ni hii. Deni huandikwa katika daftari papo hapo, na mnunuzi akiona, pamoja na tarehe na kiasi. Kila nyumba ina kikomo chake kwa kadiri ya kipato chake. Deni la pili halitolewi kabla la kwanza halijalipwa, hata kama ni kwa sehemu. Na mdeni hadaiwi mbele za watu kamwe. Huitwa pembeni, au hufuatwa kwake jioni. Wengi wamelipa kwa sababu hawakuaibishwa. Msemo usemao mali bila daftari hupotea bila habari ni wa kweli kabisa.

Daftari hilo lina ukurasa mmoja ambao hapo kwanza ulinichekesha. Juu yake pameandikwa "Nyumbani". Tukitwaa sabuni au chumvi ya kutumia sisi wenyewe, mama huiandika kama deni, na mwisho wa juma hulipa kutoka katika fungu la nyumbani. Nimekwisha kuelewa sababu. Maduka mengi hayakuliwa na wezi, yameliwa na wenyewe. Leo kilo ya unga, kesho nauli, keshokutwa mchango wa arusi, na fedha za mauzo zikadhaniwa kuwa ni faida zote.

Taabu nyingine hutoka mbali, wala mwenye duka hana uwezo juu yake. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika nchini, kwa kuwa mvua nyingi za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa. Bei ikapanda sana, na Serikali ikatangaza bei elekezi. Watu walimlaumu mwenye duka wa mtaani, kana kwamba ndiye aliyeinyesha mvua. Hali hiyo humdhuru kwa namna isiyoonekana. Aliyeuza mfuko wake wote kwa shilingi 140,000, akaenda kununua mwingine akakuta ni 170,000, hawezi kuununua. Ameuza vyema, hakuibiwa, hakukopesha, lakini mtaji wake umepungua. Asipokuwa na akiba pembeni, siku hiyo ndiyo mwanzo wa kufunga.

Kadhalika sheria hubadilika, naye hana budi kuzifuata. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, jambo lililo jema kwa mifereji na mifugo yetu, lakini mifuko iliyochukua nafasi yake ina gharama zaidi. Mnunuzi ajaye na kikapu chake humsaidia muuzaji kuliko ajuavyo.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, sisemi haya ili kuwatisha. Baadhi yetu tutaendelea na masomo, na baadhi yetu tutafanya biashara, nayo ni kazi ya heshima. Ninalotaka kusema ni kwamba duka si kimbilio la aliyeshindwa hesabu. Asiyejua kugawanya 132,000 kwa 50 atafilisika huku akicheka na wateja. Masomo ya Hesabu na ya Biashara tunayofundishwa hapa ndiyo yatakayomwonyesha mtu kama shilingi iliyo mkononi mwake ni faida au ni mtaji.

Nanyi wazazi wetu, na sisi sote tulio wanunuzi, tuna wajibu wetu. Tudai kipimo cha haki na lugha nzuri, maana ni haki yetu. Lakini tuliyekopa tulipe siku tuliyoahidi, na siku tusipoweza tusizunguke njia nyingine. Tupite palepale, tumwamkie mwenye duka, tumwambie lini tutalipa. Neno hilo halina gharama, naye atalala usingizi.