Nyanya na Nyumba ya Mabati

Kwetu Rhamu, karibu na Mto Daua, nyumba ya mabati ni fahari ya mwenye nacho. Baba alipojenga yake, tulimhamishia nyanya humo. Saa saba mchana alibeba mkeka wake, akarudi katika aqal, yaani nyumba yetu ya Kisomali. Sisi wajukuu tukacheka.

"Chekeni tu," akasema, "mtanifuata."

Naam, wiki haikuisha!

Kwa nini, mwanafunzi mwenzangu? Si miujiza, ni fizikia. Bati likipigwa na jua hupata moto upesi, kisha hutumwagia joto hilo vichwani. Aqal ni fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka iliyosukwa na akina mama. Mkeka haupitishi joto haraka, na upepo hupenya. Tena wakati wa kuhama huifungua, huipakia juu ya ngamia na kuijenga upya kwa fito zile zile. Mwaka wa 1995 Labelle Prussin alichapisha kitabu kizima kuhusu nyumba za wahamaji wa Afrika. Sisi wenyewe twaziita ushamba!

Hata hivyo, tusidanganyane. Moto ukiwashwa ndani ya aqal, moshi huumiza macho na kifua. Basi tuchanganye mazuri ya pande zote mbili. Baba ametandaza mikeka chini ya mabati, akaacha nafasi ya hewa katikati, akatoboa madirisha yanayotazamana. Jiko liko nje.

Siku hizi nyanya hulala humo mchana. Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Nami naongeza, tena huchomeka!