Tarehe 9 Desemba: Siku Moja, Uhuru Mara Mbili
Kila ifikapo tarehe 9 Desemba, Ndanda huungana na nchi nzima kuukumbuka Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961. Ni wachache wakumbukao kwamba siku kama hiyo, mwaka 1979, tume ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ilitia saini hati ya kuthibitisha kuwa ndui imetokomezwa ulimwenguni. Huo nao ulikuwa uhuru, japo haukupigiwa ngoma.

Ndui ilishindika kwa kuwa chanjo ilikuwapo na kirusi chake hakikuwa na maficho nje ya mwili wa binadamu. Chikungunya ni adui wa namna nyingine. Ilitambuliwa kitaalamu katika mlipuko wa 1952–1953 kwenye Uwanda wa Makonde, huko juu upande wa Newala, na jina lake la Kimakonde humtaja mtu aliyepindwa na maumivu ya viungo. Mbu aina ya Aedes wanaoieneza huzaliana katika maji yaliyohifadhiwa majumbani. Na uwandani, ambako maji ni adimu, ni nani asiyehifadhi? Desemba mvua zinapoanza, mapipa hujazwa, mengi bila mfuniko.