Kizuizi Kisicho na Mzazi Mkali: Tathmini ya Mswada wa When Harry Met Sally...

Komedia ya mapenzi huishi kwa kizuizi, na kwa kawaida kizuizi hicho hutoka nje ya wapenzi: mzazi mkali, mchumba tajiri, siri inayochelewa kufichuka. Mswada wa Nora Ephron, uliotengenezewa filamu na mwongozaji Rob Reiner mwaka 1989, hauna hata kimoja. Mhakiki wa miswada anayetafuta adui kwanza angeukataa mapema. Kinachowatenganisha Harry na Sally ni hoja tu, iliyozuka garini katika safari ya saa 18 kutoka Chicago hadi New York: kwamba mwanamume na mwanamke hawawezi kuwa marafiki, kwani tamaa huingilia kati.

Ubora wa mswada umo humo. Hoja hiyo inapewa muda badala ya vituko. Wawili hao wanaagana, wanakutana baada ya miaka mitano, kisha mitano mingine, na mjadala uleule unarudi ukiwa umebeba talaka ya mmoja na upweke wa mwingine.

Udhaifu umo katika hatima. Awali Ephron na Reiner walikusudia wahusika hao wasioane, baadaye wakabadili. Ungamo la mkesha wa Mwaka Mpya linapendeza, lakini linampa Harry ushindi wa mjadala pasi na Sally kujibiwa. Hata vipande vya wanandoa wazee, vilivyopangwa kwa ustadi baina ya matukio, vyote vinasimulia ndoa. Hakuna mzee hata mmoja anayesimulia urafiki uliodumu.