Usingizi wa Mgonjwa na Pumzi Yake

Katika nyumba zetu hapa Maskati, mgonjwa akiamka asubuhi kichwa kinamwuma, kisha mchana akasinzia kitini, husemwa kuwa usiku kakabwa na jinamizi, au uzee umemchosha. Tungependa wasomaji wetu wafahamu kwamba kwa mgonjwa wa MND, yaani maradhi yauayo taratibu neva ziendeshazo misuli, dalili hizo huweza kuwa za upungufu wa pumzi.

Pumzi huvutwa hasa na kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Mtu akilala chali, matumbo hukisukuma juu. Na katika usingizi wa ndoto misuli mingine ya kifua hulegea, kiwambo kikaachiwa kazi peke yake. Kikiwa kimedhoofika, hewa chafu hubakia mwilini, na usingizi hukatika kila mara.

Msaada upo, ijapokuwa hauondoi maradhi yenyewe: mashine ndogo isukumayo hewa kwa barakoa wakati wa kulala. Utafiti wa Newcastle, Uingereza, uliotangazwa mwaka 2006, ulifuata wagonjwa 41. Walioitumia waliishi muda mrefu zaidi na kwa nafuu zaidi. Wale ambao misuli ya ulimi na koo ilikuwa imedhoofika sana hawakurefushiwa maisha, lakini baadhi ya dalili zao za usingizi zilipungua.

Oksijeni ya mtungi na vidonge vya usingizi visitumiwe bila ya shauri la daktari, kwani vyaweza kuzidisha hewa chafu mwilini.

Kwa sisi tuzoeao kwenda Unguja kuwatazama jamaa, yako mambo mawili ya kuongeza. Hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi, mfano wa hewa ya mlimani, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi; basi daktari aulizwe kabla ya kukata tikiti. Na mashine hutaka umeme: tangu Desemba 2009 Unguja ilikaa gizani takriban miezi 3. Betri ya akiba isisahauliwe.

Mgonjwa akilalamika kuwa hawezi kulala chali, tusimwongezee mto tukanyamaza. Tumpeleke apimwe nguvu ya pumzi mapema, naye aulizwe kama aitaka mashine hiyo, wakati angali na sauti ya kujibu.