Dole gumba na mwenye mzigo

Mgeni akiingia kwenye jumuiya ya watengenezaji wa programu huria, desturi ya kwanza kufundishwa ni kutoandika "hata mimi nataka". Akikuta kitu anachokihitaji kimeshaombwa na mwingine, anabonyeza dole gumba chini ya ombi lile, anaondoka. Akiandika, wenyeji humwelekeza kwa upole. Akirudia, upole hupungua.

Desturi hii ilizaliwa na kero. Kwenye jukwaa la GitHub, ambako sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika, kitufe cha dole gumba hakikuwepo hadi Machi 2016. Aliyeunga mkono ombi aliandika "+1", na kila "+1" ilikwenda kwa barua pepe kwa kila aliyekuwa akilifuatilia. Ombi likipendwa na watu mia tatu, barua mia tatu zisizo na neno jipya zilimiminika kwa watu wanaojitolea usiku baada ya kazi zao za mchana, na zile mbili tatu zenye maelezo ya maana zikazama humo. Januari 2016 watunzaji wa miradi mingi mashuhuri waliandikia GitHub barua ya wazi, na mafuriko hayo yalikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Miezi miwili baadaye vitufe vikawekwa: dole la juu, dole la chini, moyo na vinginevyo.

Alama yenyewe ya "+1" ina umri mkubwa zaidi. Wale waliojikusanya mwaka 1995 kuitengeneza Apache, programu ya seva ya wavuti, walipiga kura kwa barua pepe: +1 ya kukubali, -1 ya kukataa. Mpaka leo katika miradi ya Apache, -1 ya mtunzaji mmoja inaweza kuzuia badiliko la msimbo hata wenzake wote wakilitaka, ila lazima atoe sababu ya kitaalamu. Asipoitoa, kura yake haihesabiwi. Yeyote anaweza kupiga kura, na hata wageni huhimizwa, lakini kura inayofunga mjadala ni ya waliokwisha kupewa dhamana kutokana na kazi waliyoifanya. Ya mwingine ni ushauri.

Hapo ndipo sisi tuliolelewa na "wengi wape" tunaposhtuka. Huku wengi husikilizwa, na kupewa ni jambo jingine. Nilipoifahamu jumuiya hii niliona ni kiburi. Sasa naona ni haki. Kubonyeza dole huchukua sekunde moja, lakini kipengele kikishaingia kwenye programu kinahitaji kutunzwa kila mwaka: kirekebishwe mfumo wa simu au kompyuta unapobadilika, kizibwe tundu la usalama likigundulika, kielezwe kwa wasiokielewa. Atakayefanya hayo si yule aliyebonyeza.

Angalia wanavyofanya wenyeji wa VS Code, programu ya kuandikia msimbo ambayo Microsoft iliufungua msimbo wake kwa umma mwaka 2015. Ombi jipya likipokelewa na kuonekana lina mashiko, linapewa siku 60. Likipata madole 20 ndani ya muda huo, linaingia kwenye orodha ya kazi zinazosubiri. Lisipoyapata, linafungwa, na roboti ndiyo inayoleta taarifa zote mbili. Wapo wanaoumia ombi lao likifungwa namna hiyo. Lakini mwombaji amepata jibu na ameambiwa kipimo mapema, na hilo ni heshima. Ombi lililoachwa wazi miaka minane bila mtu kuligusa ni uongo wa kimyakimya.

Madole 20 yanakufikisha kwenye foleni tu. Mwaka 2016 watumiaji wa VS Code waliomba waweze kulichomoa faili kutoka kwenye dirisha kuu na kulihamishia kwenye skrini ya pili. Madole yakafika maelfu, likawa miongoni mwa maombi yaliyopendwa kuliko yote. Kipengele chenyewe kilitoka katika toleo la 1.85, Desemba 2023. Miaka saba! Msimbo ulikuwa umejengwa juu ya dhana kwamba dirisha ni moja, na kuiondoa dhana hiyo ni kama kubadilisha msingi wakati watu wanaishi ndani ya nyumba. Wingi wa madole haukuweza kuirahisisha kazi hiyo. Ulichoweza ni kuhakikisha kwamba haisahauliki.

Dole la chini nalo lina nguvu yake. Mwaka 2019 wenye Go, lugha ya kuandikia programu, walipendekeza njia mpya ya kushughulikia makosa, iliyoitwa "try". Waliopinga waliwazidi mbali waliokubali, hoja zikamiminika, na ndani ya Julai mwaka huohuo wenyewe wakaliondoa pendekezo lao. Dole la chini liliwaonyesha ukubwa wa upinzani, na hoja zikawaonyesha kosa lilipo.

Sehemu ya pili ya methali yetu, "usipowapa watachukua wenyewe", huku imo ndani ya leseni. Yeyote anaruhusiwa kunakili msimbo wote na kwenda kuanzisha kijiji chake. Desemba 2014 baadhi ya watengenezaji wa programu huria ya Node.js, waliochoshwa na uongozi na mwendo wa polepole wa mradi, walihama na kuanzisha io.js. Mwaka 2015 pande mbili zikapatana, na Septemba Node.js 4.0 ikatoka ikiwa na kazi za pande zote mbili. Kila mtunzaji anajua mlango huo uko wazi, na ndiyo maana hawezi kuyapuuza madole daima.

Linaloniuma ni kwamba wanaobonyeza si wote wanaotumia. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Mhudumu wa kliniki anayeingiza taarifa kwenye programu ya aina hiyo, foleni ikiwa imefika uani, mara nyingi hana akaunti kwenye jukwaa lolote la msimbo, na Kiingereza cha kuandikia ombi kinamtisha. Asiyeona, anayesomewa skrini na kompyuta, hata akiomba atapata madole machache, kwa sababu wenzake ni wachache. Mtunzaji anayepanga kazi kwa hesabu ya madole peke yake atawahudumia watengenezaji wenzake vizuri sana na kuwaacha hawa nje. Maombi ya namna hiyo yasipimwe kwa siku 60.

Nawe msomaji, programu unayoitumia kazini ikikusumbua, tafuta kama ombi lako limeshaandikwa, uweke dole lako hapo. Halafu ongeza sentensi tatu ambazo dole haliwezi kuzisema: unafanya kazi gani, unakwama wapi, na kwa sasa unajikwamuaje. Kama aliyekwama ni muuguzi au karani asiye na akaunti, mwandikie wewe.