Sukari ya Mgonjwa wa Moyo Mwenye Upungufu wa Damu

Mkulima wa mpunga wa Mchombe anapogundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, jambo la kwanza linalomshughulisha yeye na jamaa zake ni presha. Wana haki, kwa kuwa presha iko mstari wa mbele katika kuchosha mioyo ya watu wazima nchini. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hatari inayomkabili husomwa katika damu yake. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 102 zilizohusu watu wapatao laki saba. Ulionesha kwamba kisukari huongeza takriban maradufu hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo, hata baada ya kuzingatia sigara, uzito na presha.

Kwa hiyo kila mgonjwa wa moyo anastahili kupimwa kisukari. Ugumu ni kujua kipimo kipi kiaminiwe.

Kipimo kinachosifiwa zaidi siku hizi ni HbA1c. Sukari iliyomo katika damu hunata kwenye hemoglobini, na kwa kuwa chembe nyekundu huishi siku zipatazo 120, kiasi kilichonata hueleza wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Asilimia 6.5 au zaidi huashiria kisukari. Mgonjwa hahitaji kufunga; aliyeondoka Mchombe alfajiri kwenda Ifakara anaweza kunywa chai yake njiani bila kuharibu majibu.

Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba chembe nyekundu zimeishi umri wao wote, na katika Bonde la Kilombero dhana hiyo ina mashaka. Malaria, ambayo watafiti wameichunguza Ifakara tangu miaka ya 1950, huvunja chembe hizo kabla ya wakati. Selimundu hufanya vivyo hivyo. Chembe changa haijapata muda wa kunatwa na sukari nyingi, basi HbA1c hushuka ilhali sukari yenyewe iko juu. Tafiti mbili za mwaka 2017 zilithibitisha jambo hili kwa watu wenye asili ya Afrika: waliorithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambao kwa kawaida hawaumwi, walikuwa na HbA1c ya chini kuliko wenzao wenye sukari ileile, na kwa wanaume wenye aina fulani ya upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, tofauti ilikaribia pointi 0.8. Aliyeongezewa damu karibuni naye hubeba chembe za mtu mwingine. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, mara nyingi hupandisha majibu.

Chukulia, kwa mfano tu, mama wa miaka 58 mwenye moyo uliopanuka. HbA1c yake ni asilimia 6.0, anaambiwa hana kisukari. Hemoglobini ni gramu 8, na sukari ya asubuhi kabla ya kula, iliyopimwa maabara siku mbili tofauti, ni 8.2. Kiwango cha kisukari kwa aliyefunga saa nane ni 7.0 au zaidi. Mama huyu ana kisukari, na angerudi shambani bila tiba.

Mashine ndogo ya kidole haimalizi tatizo. Damu inapokuwa pungufu, mashine nyingi husoma sukari juu kuliko ilivyo. Vibanzi vilivyopigwa na joto na unyevu navyo huharibika. Akiongezewa glibenklamidi kwa kufuata namba hiyo, mgonjwa anaweza kushukiwa na sukari usiku, na kushuka huko ni hatari kwa moyo ulio dhaifu. Hata damu ya maabara ina masharti yake. Ikiachwa kwenye chupa bila kutenganishwa, chembe huendelea kula sukari, na kiwango hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, zaidi kwenye joto. Chupa yenye kifuniko cha kijivu husaidia, ingawa dawa iliyomo huchelewa kufanya kazi. Ni vema iwekwe kwenye barafu.

Basi hemoglobini ipimwe kwanza. Ikiwa chini, au pakiwepo selimundu, malaria ya karibuni au kuongezewa damu, uamuzi ufuate sukari ya maabara ya mgonjwa aliyefunga, irudiwe siku nyingine, au ipimwe saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi. Maji ya kunywa hayafungui mfungo. Wagonjwa wengi huja na kiu bila sababu.

Upungufu wa damu wenyewe si jambo la pembeni. Abel Makubi na wenzake, waliofuatilia wagonjwa wa moyo ulioshindwa kazi pale Muhimbili na kuchapisha matokeo mwaka 2015, waliukuta kwa zaidi ya nusu yao; wale ambao upungufu huo uliambatana na ukosefu wa chuma walikuwa na hali mbaya zaidi. Wakitibiwa kwa chuma, chembe mpya huongezeka na HbA1c huweza kushuka bila sukari kubadilika. Mhudumu asiyejua hilo atampongeza mgonjwa kwa nafuu ambayo haipo.

Lehemu hupimwa kwa damu hiyohiyo. Kreatinini itangulie metformini. Kwenye kadi ya kliniki, kando ya kila jibu la sukari, iandikwe tarehe, kama mgonjwa alifunga, kipimo kilichotumika na hemoglobini ya siku hiyo. Mgonjwa naye amweleze daktari au muuguzi kama aliugua malaria au aliongezewa damu katika miezi mitatu iliyopita, hata asipoulizwa.